Simu au kamera? Kwanza tuiangalie lenzi

Korosho zikishalipwa, swali hurudi Mtwara mjini: hela iende kwenye simu kali, au kwenye kamera ya kubadilisha lenzi ya wanaoanza, mfano Canon EOS 2000D ya mwaka 2018? Wa kamera watakwambia kamera ni kamera. Wa simu watakwambia yao iko mfukoni muda wote. Wote wana lao, ila lenzi wanairuka, na mzigo wote uko hapo.

Hoja ya kamera huanzia kwenye kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga. Cha 2000D ni milimita 22.3 kwa 14.9. Simu nyingi za bei mbaya zina kihisi kikuu kisichofika milimita 10 kwa upande mrefu. Ukipiga hesabu ya eneo, cha kamera ni kikubwa mara nne na ushee. Sasa tazama lenzi inayouzwa nayo, ile ya milimita 18-55 (18 inachukua eneo pana, 55 inavuta karibu). Ukiwa kwenye 18, tundu lake la kupitisha mwanga ni f/3.5 (namba ya f ikikua, tundu linapungua), ukivuta mpaka 55 linabana hadi f/5.6. Simu ziko karibu na f/1.8. Kutoka f/1.8 kwenda f/3.5 mwanga unapungua mara nne hivi, na kufika f/5.6 ni karibu mara kumi. Faida ya kihisi uliyoilipia imeshaliwa hata hujaanza kuvuta. Hesabu hii muuzaji hakufanyii.

Simu nayo ina ujanja wake: inapiga picha kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha. Ukivuka maji kwenda Kilwa Kisiwani, ukasimama ndani ya Msikiti Mkuu saa sita mchana, penye kivuli chini ya matao na jua kali nje, simu itakupa vyote viwili. Kamera, kama hujui kupiga RAW (picha ghafi, isiyosafishwa na kamera) na huna kompyuta ya kusafishia, itakulazimisha uchague kimoja. Kwa mtalii wa siku moja sioni kwa nini abebe begi.

Habari inabadilika kwenye ngoma ya usiku. Sindimba inachezwa chini ya balbu moja, na kule kuunganisha picha kunataka kitu kitulie. Kiuno cha mchezaji kitulie wapi? Simu inafuta vidole, inalainisha uso mpaka mtu hajulikani ni nani. Weka kwenye kamera hiyohiyo lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, piga kwa 1/250 ya sekunde na ISO 3200 (ISO ikipanda, picha inang'aa zaidi gizani): chengachenga zitakuwepo, lakini utaona jasho na fundo la kitambaa kiunoni. Hapo tundu ni sawa na la simu, na zile mara nne za kihisi zinarudi mikononi mwako.

Matunzo nayo yana gharama. Hewa ya pwani yetu ina unyevu, lenzi ikikaa kabatini huota fangasi. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe. Kubadilisha lenzi ufukweni Msimbati, na upepo ule, ni kuualika mchanga ndani. Halafu picha ya kamera lazima ipitie kwenye simu au kompyuta ndipo ifike WhatsApp, ambako inabanwa mpaka tofauti haionekani. (Itume kama dokumenti, angalau.)

Kwa hiyo anayepiga watoto, bahari na sahani ya pweza abaki na simu yake, tena ya bei ya kati inamtosha. Kamera na 18-55 peke yake simshauri mtu. Anayetaka ngoma, mpira wa jioni na sura za watu, atafute kamera iliyotumika, na hela inayobaki iende kwenye ile 50. Kabla ya kulipa, amulike lenzi kwa tochi: akiona nyuzi nyeupe ndani ya kioo, hiyo ni fangasi, aachane nayo.