Tuzo za laivu: kutunza au kuomba?

Kwenye ukumbi wa taarab kuna dakika ambayo kila mpenzi wa muziki huo anaijua. Ubeti umemgusa mama mmoja. Ananyanyuka kitini, anakwenda mbele akicheza taratibu, noti ameishika juu mpaka kila jicho limeiona, ndipo anaiweka mkononi mwa mwimbaji. Huko ndiko kutunza. Sijawahi kusikia mwimbaji yule akiitwa ombaomba.

Mwimbaji huyohuyo akiwasha simu nyumbani kwake, akaingia laivu TikTok au Facebook, mashabiki wakaanza kumrushia maua na nyota, yaani zawadi za picha wanazozinunua kwa fedha halisi, maneno hayakawii: msanii gani huyu anayelia njaa mtandaoni? Heshima ya muziki iko wapi? Nimeyasikia kwa watu ambao wao wenyewe, wakienda harusini, hutunza mpaka pochi inabaki na vitambulisho tu.

Nadhani wanaosema hivyo hawajaelewa anachonunua mtoaji. Pale ukumbini mama hakutoa noti kwa sababu mwimbaji ana njaa. Alitoa ili ubeti ule uwe wake, na wakati mwingine ili hasimu wake, aliyekaa meza ya tatu, aelewe kwamba maneno yale yamemlenga yeye. Kutunza ni kusema. Kinshasa nako wanalo neno lao, libanga, yaani jiwe: mwimbaji "hutupa jiwe" kwa kutaja jina la mfadhili katikati ya wimbo, na wapo wanaolipa fedha nzuri ili jina lao litupwe. Shabiki anayetuma ua kwenye laivu, kisha akasikia "asante sana mama Rehema wa Tanga", amepata kitu kilekile. Ua moja la TikTok ni sarafu moja ya mtandao huo, isiyofika hata senti mbili za dola. Nani anaweza kununua jina lake kwa bei hiyo?

Halafu tuulizane, msanii mdogo angekula wapi? Mtu akisikiliza wimbo mara moja kwenye Spotify, programu ya kusikilizia muziki mtandaoni, anachopata mwenye wimbo ni sehemu ya senti ya dola, na tangu 2024 wimbo usiofikisha usikilizwaji 1,000 kwa miezi 12 hauhesabiwi kabisa katika mgawo. Mwimbaji wa kikundi cha mtaani mwenye mashabiki 300 wanaompenda kweli hana chake hapo. Watu 20 kati ya hao 300 wakiingia laivu usiku mmoja, wamemfanyia zaidi ya walichoweza kumfanyia kwa kusikiliza mwaka mzima.

Wenye wasiwasi hawazungumzi upuuzi. Sarafu za mtandaoni zinaficha bei: mtu anayetuma "simba" haoni zile dola zaidi ya 300 zikitoka mfukoni, anaona mnyama akinguruma skrini nzima. Yako mapambano ya dakika chache ambamo wasanii wawili wanashindanishwa na mashabiki wao kumwaga sarafu, na hapo muziki umekwisha, imebaki kamari ya sifa. Kanuni ya TikTok inasema mtumaji awe na miaka 18, lakini mtoto aliyeshika simu ya mama yake haulizwi na mtu. Na msanii anayekesha laivu kila siku hana muda wa kutunga. Hili la mwisho ndilo linaloniuma zaidi.

Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalomfanya msanii kuwa ombaomba. Anayestahili kuulizwa ni mwingine kabisa.

Mwaka 2022 BBC ilifuatilia laivu za familia za Syria zilizokuwa zikiomba msaada TikTok kutoka kambini. Wanahabari wake wakajaribu wenyewe: wakatuma zawadi za dola 106. Kwenye akaunti iliyopokea zilionekana 33. Asilimia 69 ilikuwa imekwenda. Duka la fedha likakata asilimia 10 yake, wakala aliyesimamia laivu akachukua asilimia 35 ya kilichobaki, mkononi zikafika dola 19. TikTok ilijibu kwamba makato yake yako chini sana ya asilimia 70, ila haikutaja kiwango.

Tuwe waadilifu: msanii anayemiliki akaunti yake huenda asiwe na wakala wa kambini. Tumwondoe wakala, tuliondoe na duka. Bado noti ya shilingi 10,000 inamfikia mwimbaji ikiwa 3,100. Mama wa taarab angeonaje kama kati yake na jukwaa angekuwa amesimama mtu mwenye sinia, anapokea noti, anaichana, anapitisha kipande? Kenya, Muswada wa Fedha wa 2023 ulipopendekeza kuwakata watengeneza maudhui kodi ya zuio ya asilimia 15, kelele zilipigwa mpaka ikashuka kuwa 5. Makato ya mtandao ni mara kadhaa ya hayo, na tunayapigia makofi kwa kugonga skrini.

Si kila mlango uko hivyo. YouTube humwachia mtumbuizaji asilimia 70 ya fedha za Super Chat, yaani ujumbe ambao shabiki hulipia ili uonekane kwenye laivu. Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, ambako singeli ya Dar es Salaam imepata wanunuzi wa Ulaya kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, hukata asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kidijitali. Na Kenya, kutuma shilingi 100 kwa M-Pesa hakuna ada kabisa.

Ila M-Pesa ni kimya, na kutunza kwa siri si kutunza. Hiyo ndiyo sababu watu wanaendelea kulipa mwenye sinia: yeye ndiye mwenye ukumbi, na ndani yake yumo mpwa aliyeko Muscat pamoja na shangazi wa Minneapolis, ambao hawatafika Tanga Ijumaa hii. Wao watume maua, hawana njia nyepesi zaidi. Aliyeko karibu anayo. Mwimbaji aweke simu mbili, moja irushe laivu, nyingine ipokee fedha kwa namba aliyoiandika nyuma yake ukutani. Meseji ikiingia, jina la mtumaji limo. Aliimbe.