Mfuko wa pamba na hesabu ya mara 20,000

Ukizungumzia vitu vya kutembea navyo ili kupunguza taka, kama mfuko wa kitambaa, chupa ya maji, kikombe au kijiko, hatakosekana mtu wa kutoa namba. Mfuko wa pamba ya kilimo hai, yaani iliyolimwa bila kemikali za viwandani, atasema, lazima utumike mara 20,000 ndipo uushinde mfuko mmoja wa plastiki kwa kutoharibu mazingira. Mwenye mfuko begani hunyamaza, akajiona amekuwa akijidanganya miaka yote. Naona anaonewa.

Namba yenyewe haikuzushwa. Imo katika utafiti uliotolewa na mamlaka ya mazingira ya Denmark mwaka 2018, uliofuatilia madhara ya mifuko ya dukani tangu malighafi hadi jalalani. Ila watafiti walipima madhara ya aina nyingi, na 20,000 ni matokeo ya eneo moja ambalo pamba hiyo ilifanya vibaya kupita yote: uharibifu wa tabaka la ozoni, hewa ya juu inayotukinga na miale mikali ya jua. Katika mabadiliko ya tabianchi, ambayo ndiyo yanayowashughulisha wengi wanaobeba mifuko hiyo, mfuko uleule unatakiwa kutumika mara 149, na ule wa pamba ya kawaida mara 52. Anayekwenda sokoni mara moja kwa wiki humaliza 52 kwa mwaka mmoja. 149 huzifikisha kabla ya miaka mitatu kutimia. Mfuko ulioshonwa vizuri unaiweza kazi hiyo.

Tena kuna jambo ambalo hesabu ile ililiacha nje, nalo ni plastiki inayopeperushwa hadi mitaroni, mitoni na baharini. Watafiti waliona tatizo hilo ni dogo mno nchini Denmark, ambako taka hukusanywa, na kwa nchi yao walikuwa na sababu. Lakini watu wengi duniani wanaishi mahali ambapo gari la taka halipiti. Kuwatajia 20,000 ni kuwapa jibu la swali la watu wengine.

Wakosoaji wana hoja yenye nguvu wanapogusia ununuzi. Madhara mengi ya mfuko wa pamba hutokea kabla haujafika mkononi mwa mtu: shambani, kwa maji na mbolea, kisha kiwandani. Kwa hiyo mwenye mifuko kumi na mitano inayoning'inia nyuma ya mlango, mingi akiwa amepewa bure kwenye mikutano na maonyesho, ameichafua dunia kuliko jirani yake anayetumia tena na tena mfuko wa plastiki hadi upasuke. Vivyo hivyo kwa seti za vijiko vya mianzi zinazouzwa kama vitu vya kulinda mazingira, ilhali droo ya jikoni ina vijiko vya kutosha. Chupa ya chuma nayo hugharimu nishati nyingi kuitengeneza, na anayebadilisha kila toleo jipya la rangi hajaokoa chochote.

Hoja hiyo lakini inahukumu kununua, haihukumu kubeba. Mfuko ulio tayari nyumbani umekwisha kuleta madhara yake. Kuuacha kabatini hakurudishi maji yaliyomwagiliwa pamba, na dukani utapokea mwingine juu yake. Kila safari unayotoka nao, deni lake linapungua. Hapo ndipo namba kubwa, hata hiyo 20,000, inapogeuka kuwa sababu ya kuuziba mfuko kiraka badala ya kuutupa.

Limebaki lalamiko kwamba mambo haya humtwika mtu wa kawaida mzigo wa viwanda na serikali. Ni kweli kwamba sheria ina nguvu kuliko hiari. Ireland ilipoanza kutoza senti 15 za yuro kwa kila mfuko wa plastiki mwaka 2002, matumizi yake yalishuka kwa takriban asilimia 90, jambo ambalo hakuna kampeni ya kuhimizana ingelifanya kwa kasi ile. Lakini tozo ile ilifanya kazi yake kwa njia gani? Haikubuni chombo kipya. Watu walianza kutoka nyumbani na mifuko yao, na waliokwisha kuzoea hawakuhisi hata makali ya tozo.