Wapangaji Watatu, Luku Moja

Mimi nina steshenari Msewe, hapa Ubungo, njiani wanakopita wanafunzi wa chuo. Duka lenyewe ukinyoosha mikono miwili unagusa kuta zote mbili. Humo ndani kuna mashine ya kopi, mashine ya leminesheni, feni inayopiga kelele bila kuleta upepo, kompyuta tatu juu ya meza moja, na printa moja.

Kutoka kompyuta ya kwanza hadi ya tatu ni hatua moja na nusu. Lakini faili likitaka kutoka huku kwenda kule, linabebwa na mimi kwa flashi, kama mgonjwa kwenye machela. Nachomeka, nakopi, nachomoa, nageuka, naomba radhi kwa mteja niliyemkanyaga, nachomeka tena. Jioni nikihesabu hatua nilizopiga ndani ya duka lisilo na nafasi ya kupiga hatua, ni kama nimekwenda Kimara na kurudi.

Na si kwamba nilipanga iwe hivyo. Kompyuta ya kwanza niliinunua Kariakoo, mtumba, ina Windows 10. Hiyo ndiyo iliyoishika printa kwa waya. Ya pili ni laptop yangu ya zamani iliyoumwa mara mbili na virusi vya flashi, vile vinavyogeuza folda zote kuwa shotikati, mwanafunzi anakulilia hapo hapo kaunta kwamba utafiti wake umeliwa. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu anayesoma mambo ya kompyuta, akaifuta yote akaweka mfumo mwingine, unaitwa Ubuntu. "Mjomba, virusi vile hapa havina pa kushika." Kweli, havikushika. Ya tatu ni Mac ya binti yangu, anatengenezea kadi za harusi na barua za shughuli, na haruhusu mtu aishike ana mafuta ya chipsi vidoleni.

Sasa wewe uliyewahi kupanga unaelewa. Hapa nina wapangaji watatu na luku moja. Mita iko chumbani kwa Windows. Windows akilala, wenzake wote gizani. Windows akijizima kufanya marekebisho yake, ile "usizime kompyuta, asilimia 30," basi Ubuntu na Mac wanakaa wanamtazama, na mimi namtazama, na wateja wananitazama mimi.

Mpwa akaja Jumamosi. "Hii kazi ndogo, mjomba. Dakika kumi zinaanza kuongea zote, zinatumia printa moja, na folda moja ya kazi." Dakika kumi za fundi nazijua. Nilimwagizia chai na maandazi mawili, nikajua tu kabla ya jua kuzama nitaagiza na wali.

Kwanza akakuta Windows imejificha, haionekani na mtu. Kumbe siku nilipofunga ruta ya mtandao, Windows iliniuliza: mtandao huu ni wa umma au wa nyumbani? Mimi duka langu ni la umma! Hata mlango hauna komeo la ndani. Nikabonyeza umma, tena kwa fahari. Kumbe ukisema umma, kompyuta inajua iko stendi, penye watu usiowajua, inajifungia ndani kama mwali. Miaka miwili mwali wangu yuko ndani, hachezwi wala hatolewi. Mpwa akabadilisha ikawa ya nyumbani.

Kikaja kisa cha neno la siri. Windows nafungua kwa namba nne, na sizitaji hapa maana mke wangu anasoma. Mpwa akakaa kwenye Ubuntu, akaigongea Windows, Windows ikauliza neno la siri. Nikampa namba zangu nne. Imekataa. Nikaandika mwenyewe, polepole, kwa kidole kimoja. Imekataa.

"Mjomba, hiyo ni PIN. Inafungua ukiwa umekaa mbele ya kompyuta yenyewe tu. Ukipitia mtandaoni inataka paswedi ya akaunti."

"Ambayo ni ipi?"

"Uliyoweka siku ya kwanza."

Siku ya kwanza! Mimi siku ya kwanza ya ndoa yangu naikumbuka kwa picha tu. Tukashauriana tuiondoe kabisa, mlango ubaki wazi. Hapana, akasema mpwa, akaunti isiyo na paswedi ndiyo kabisa Windows haiipokei kutoka mtandaoni. Yaani usipokuwa na ufunguo huingii, na ukiwa na ufunguo wa mlango wa mbele huingii. Ikabidi tuweke mpya. Nikaiandika kwenye karatasi, nikabandika ukutani karibu na bei za kopi.

Tukahamia Ubuntu. Mpwa akasema, "Sasa hapa tunaweka Samba."

Mimi ni Msambaa wa Lushoto. Moyo ulifurahi, siwezi kuficha. Nikamwita jirani muuza vocha aje asikie. Wale watani zetu wanaosema sisi tunajua kulima kabichi na mapeasi tu, haya! Programu ya kuunganisha kompyuta za dunia inaitwa Samba. Nikadhani kama si Usambara basi ni kutoka "kusambaza," ambayo nayo ingekuwa yetu sote.

Mpwa akanikata maini. Kumbe ni Mwaustralia wa Canberra, Andrew Tridgell, alianza mwishoni mwa mwaka 1991. Alitaka kompyuta yake ya DOS na kompyuta ya Unix ziongee, na hakuwa na mtu wa kumfundisha lugha yao. Basi akategesha sikio kwenye waya. Mwenyewe anafananisha na mtu aliyeingia mkahawani Ufaransa hajui Kifaransa: anakaa anasikiliza wengine wanaagiza nini na wanaletewa nini, mpaka naye anaweza kuagiza. Hapo nilimheshimu. Ndivyo mimi nilivyojifunza Kizaramo. Jina la kwanza akaambiwa lina mwenyewe, akatafuta kwenye orodha ya maneno neno lenye S, M na B, maana itifaki yenyewe, ile lugha ya kompyuta kuazimana mafaili, inaitwa SMB. Likatoka samba, ile ngoma ya Wabrazili. Jirani akacheka akarudi kwenye vocha zake.

Usidhani Samba nayo haikuwa na neno lake la siri. Ubuntu ina paswedi yake ya kuingilia. Samba, iliyo humo humo ndani ya Ubuntu, kwa mtu yule yule, inataka ipewe paswedi yake pembeni. Na unapoiandika kwenye lile dirisha jeusi, haionyeshi kitu. Hata nyota. Unabonyeza, kimya. Nikadhani kibodi imekufa, nikaipiga kofi. Mpwa akasema inapokea, ila haitaki jirani ajue hata ina herufi ngapi. Karatasi ya pili ukutani. Mac nayo ikaomba jina na neno la siri kabla ya kugusa kitu cha mwenzake. Karatasi ya tatu. Kuna mteja alisimama akazisoma, akauliza hiyo ya katikati ni huduma gani na inaanzia shilingi ngapi.

Nikasema basi sasa zionane. Hazionani! Nafungua ule ukurasa wa Windows wa mtandao, Ubuntu haimo. Mpwa akaeleza kwamba zamani zilikuwa zinaonana zenyewe kwa SMB ya kwanza kabisa. Mwaka 2017, Mei, kirusi kiitwacho WannaCry kikaingilia humo kikafunga mafaili ya watu dunia nzima na kudai fidia. Miezi michache baadaye Windows 10 mpya zikawa zinakuja bila ile SMB ya zamani, na kule kuonana kwa macho kukaondoka nayo. Sasa unaita kwa namba. Ubuntu yangu inaitwa 192.168.1.9, utadhani mfungwa.

Hata kuita kwenyewe kuna adabu. Kwenye Windows unaanza na mikwaju miwili iliyolala kinyume, kama imeangukia nyuma. Kwenye Mac unaandika smb, nukta mbili, halafu mikwaju miwili iliyoinama mbele. Nilizaliwa nikijua mkwaju ni mti, na ukwaju ni juisi. Leo nina mikwaju ya aina mbili, na ukikosea upande unaambiwa njia haipatikani. Njia gani? Mashine hiyo hapo, naigusa kwa kiwiko!

Saa kumi alasiri folda ya kazi ikafunguka kote. Nilipiga makofi peke yangu. Binti akaweka humo faili lake analoliita "Kadi ya mwisho kweli?.pdf", na kwenye Windows jina likatokea limevurugika, herufi na mawimbi. Windows haitaki alama ya kuulizia kwenye jina la faili. Haitaki na nyota, wala nukta mbili. Ubuntu haijali, hata uandike swali zima. Ila Ubuntu nayo ina lake: "Harusi" yenye H kubwa na "harusi" yenye h ndogo kwake ni folda mbili, hazijuani hata kwa salamu. Nilikuwa nazo zote mbili. Kadi za watu wa Jumamosi nikazitafuta saa nzima kwenye sherehe isiyo yao.

Wali ukaagizwa. Tukabaki na printa.

Ubuntu ilichapa. Karatasi moja, safi, ina neno "jaribio." Nimeitunza. Tukaja Mac. Mpwa akasema haina draiva wa hii printa, yaani programu ya kuiendesha, itabidi tumshushe mtandaoni. Mimi kushusha dereva sijawahi kuona, najua kushusha abiria. Mtandao ukawa mzito, draiva hashuki. Mpwa akaona asisubiri, akachagua ile ya jumla, ya PostScript. Akabonyeza chapa. Kadi moja ya mchango.

Printa ikatoa karatasi. Juu kabisa imeandika %!PS-Adobe-3.0. Chini yake namba, mabano, maneno ya kizungu yaliyokatwakatwa. Ikatoa ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu. Mpwa akasema, "Aaa, printa yako haijui PostScript, mjomba. Hayo ni maelekezo ya kuchora kadi. Badala ya kuchora, inayasoma kwa sauti." Ya kumi. Mtoto ukimtuma dukani akasimama mlangoni anarudia "nenda dukani, nenda dukani," si unamzima kibao? Nikazima printa. Nikawasha. Ikaendelea ilipoishia! Nikachomoa waya wa umeme, nikahesabu hadi ishirini, nikachomeka. Ikaendelea. Kumbe kazi haikai kwenye printa, imekaa kwenye foleni kwa Windows, na Windows ni mpangaji mwaminifu: umeme ukirudi anamkumbusha mwenzake deni lake. Mpaka foleni inafutwa, karatasi 61 zimekwenda. Upande wa pili mweupe, ndiyo, nazitumia kuandikia madeni.

Draiva akashuka usiku. Kadi ikatoka, rangi zake zote. Mpwa akaondoka na nauli ya bodaboda na kontena la wali.

Jumatatu asubuhi umeme ukakatika, ukarudi, na Ubuntu na Mac zikasema hakuna printa. Nikampigia simu. Ruta ilikuwa imegawa namba upya. Windows jana alikuwa .7, leo ni .4. Yaani umeme ukikatika tu, nyumba zinabadilishiwa namba, mgeni anagonga kwa asiyemjua. Akanielekeza kwa simu jinsi ya kuiambia ruta imshikie Windows namba moja siku zote. Tulitumia vocha ya shilingi elfu mbili. Tangu hapo, sisemi uongo, inafanya kazi.

Shida ikaanza ilipofanya kazi.

Zamani kila karatasi ilipita mkononi mwangu, kwa flashi, moja baada ya moja. Sasa kila mtu anabonyeza alipo. Jumatano mzee mmoja wa mtaani alikuja kuchapiwa barua ya posa ya kijana wake, kurasa mbili. Binti akatuma ukurasa wa kwanza kutoka Mac, akaona wa pili una kosa, akasimama kulirekebisha. Wakati huo huo kwenye Ubuntu mwanafunzi wa Kiswahili anarekebisha ukurasa wa 43 wa tasnifu yake. Akabonyeza. Binti naye akamaliza, akabonyeza. Mimi niko kwenye simu nabishana na mtu wa rimu. Karatasi tatu mezani. Nikachukua mbili za mwanzo, nikatia kwenye bahasha ya mzee. Ya tatu nikampa mwanafunzi, akaiweka katikati ya wenzake, akabana, akakimbia.

Ijumaa jioni mshenga akasoma mbele ya wazee wa upande wa msichana anayeposwa. Wa kwanza ulikwenda vizuri: hodi hodi, tumeona ua katika bustani yenu. Akafunua wa pili, naye ni mtu wa kusoma kwa sauti ya mimbari: "Mtafiti alitembelea kaya 60, na wahojiwa walichaguliwa kwa njia ya nasibu bila kujali umri wala hali ya ndoa."

Walimtoza faini hapo hapo, kanga doti mbili, na mzee kaja dukani na bei ya kanga.

Nilikuwa bado nahesabu hela yake alipoingia yule mwanafunzi. Hakusema kitu. Akaweka tasnifu kaunta, akaifungua ukurasa wa 43: "Nasi tuko tayari kupokea kiwango chochote cha mahari mtakachotutajia. Wenu katika udugu." Msimamizi wake amepigia mstari kwa kalamu nyekundu, na pembeni ameandika: "Kiwango gani? Weka jedwali."