Mkalimani wa Kasri

Uongo wenyewe niliutoa ndani ya treni, tena bila kulazimishwa na mtu.

Tulikuwa watatu: mimi, dada yangu ambaye huu ni mwaka wake wa kumi na moja San Sebastián, Hispania, na mwanawe wa miaka minane. Mtoto huyu ana tabia ya kukuuliza swali, kisha anakaa kimya anakutazama mpaka utoe jibu. Treni yenyewe watu wa kule wanaiita Topo, yaani fuko, kwa jinsi inavyopenda kupita chini ya ardhi. Inatoka San Sebastián, inavuka mto Bidasoa, inakushusha Hendaye upande wa Ufaransa. Nchi mbili, lakini wenyeji ni wale wale, Wabaski. Mkiwa ndani ya shimo dirishani huoni kitu ila sura yako mwenyewe, na nadhani hapo ndipo shetani aliponipatia.

"Mjomba, unajua lugha ngapi?"

Sasa huyu bwana mdogo shuleni anasoma kwa Kibaski, mtaani anacheza kwa Kihispania, kwa mama yake ni Kiswahili, na Kifaransa anakiokota kwenye katuni. Miaka minane! Mimi mtu mzima na ndevu zangu niseme mbili?

"Saba."

"Zipi?"

Nikaanza kukunjua vidole. Kiswahili. Kisambaa cha kwetu. Kizigua, ambacho nakielewa msemaji akienda polepole na akiwa na nia njema. Kidigo cha sokoni Tanga. Kiingereza. Kiarabu, kile cha madrasa. Kidole cha saba kikabaki kimesimama hewani, kinanidai.

"Kihabeshi," nikasema.

Haki ya Mungu sikukitoa hewani. Kuna wakati nilikaa Nairobi wiki tatu, na chini ya nyumba niliyofikia palikuwa na mgahawa wa Wahabeshi. Nilitoka pale na maneno mawili: *ishi*, yaani sawa, na *ameseginalehu*, yaani ahsante. Hili la pili nalitamka vizuri ikiwa sina kitu mdomoni. Dada alinitupia jicho, akarudi kwenye simu yake. Angenikanya pale pale, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Kasri tuliloliendea linaitwa Abbadia. Wageni wengi huishia ufukweni Hendaye au hukimbilia Biarritz, na wenyewe hawana habari kwamba juu ya kilima, ukingoni mwa majabali ya bahari, kuna jumba kama la hadithi za bibi. Dada alisema "ni hapo tu." Sikujua kwamba miaka kumi na moja ya kukaa na watu wa milimani ilikuwa imemharibu. Tulipanda. Mvua ya kule, wenyewe wanaiita *sirimiri*, haianguki kama mvua. Inaning'inia tu hewani inakusubiri upite. Nilifika juu nimelowa bila kuona tone hata moja.

Lakini lo, jumba! Minara yenye kofia za mchongoko, kuta zenye meno juu, madirisha membamba ambayo ungetegemea binti mfalme ateremshe nywele. Aliyelichora ni Viollet-le-Duc, yule yule aliyekarabati kanisa la Notre-Dame la Paris, na ujenzi ulianza 1864 ukamalizika 1879. Kilichonisimamisha mlangoni lakini si minara. Ni mamba. Mamba wa mawe, magamba yamechongwa moja moja, mdomo wazi, maji ya sirimiri yamejaa katikati ya meno yake. Mpwa wangu akatia kidole mdomoni mwa mamba, akakitoa, akakikagua. Ukutani kuna konokono mkubwa anapanda. Juu ya mlango pamechongwa maneno ya Kiayalandi, *Céad míle fáilte*, karibu mara laki moja. Sisi Waswahili tunaosifiwa kwa ukarimu tunaishia mara mbili: karibu, karibu sana.

Mwenye nyumba, Antoine d'Abbadie, alizaliwa Dublin mwaka 1810, baba Mbaski, mama Mwayalandi. Alikwenda Uhabeshi na mdogo wake Arnaud, wakazunguka huko miaka kumi hivi akipima milima, akikusanya miswada na kujifunza lugha. Aliporudi akajijengea nyumba hii na kuijaza Uhabeshi wake wote: picha za maisha ya huko kwenye kuta za ngazi, na chini ya ngazi sanamu ya mti ya kijana wa Kihabeshi. Kamusi yake ya Kiamhari, ndicho hicho Kihabeshi changu, ilichapishwa 1881. Haya yote alikuwa anatueleza binti mwongoza watalii, kwa Kifaransa kisha kwa Kihispania, na dada ananinong'oneza kwa Kiswahili. Alipofika kwenye kamusi, tumbo langu likacheza kidogo. Nikajiambia, utapita tu.

Ndipo yule mtoto akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Mjomba wangu anajua Kihabeshi."

Alisema kwa Kihispania, lakini neno *tío* na kidole kilichonielekea vilitosha. Watu ishirini hivi, wengi wastaafu wenye makoti ya mvua, wakageuka. Yule binti akashika kifua kwa furaha. Alikuwa akizungusha watu kwenye maandishi yale kila siku ya Mungu, na leo kaletewa msomaji.

Ningeweza kukana. Nafasi nilikuwa nayo, sekunde mbili nzima. Nikainamisha kichwa, nikasema, "Kidogo tu," kwa ile sauti ya mtu anayetaka asiaminiwe.

Bahati mbaya nikaanza na ushindi. Kuna chumba kidogo cha kuvutia sigara, kimepambwa Kiarabu na maandishi ya Kiarabu yanakizunguka. Kiarabu angalau herufi nazijua. Nikasimama chini ya mstari mmoja, nikasoma neno la kwanza kwa sauti na kwa kuvuta, kama nilivyofundishwa kwa bakora. La pili sikuliweza, kwa hiyo nikakohoa. Wakapiga makofi! Mzee mmoja akanipa mkono. Sasa mtu akishapigiwa makofi na Wafaransa kwa neno moja, mwambieni yeye si msomi.

Tukaingia chumba cha kulia. Kuta zimevikwa ngozi ya nyati, meza ndefu katikati, na viti. Viti hivyo ndivyo vilivyonimaliza. Mbao nzito, migongo mirefu, na kila mgongo una herufi moja ya Kihabeshi. Kile kilichokuwa karibu nami kilikuwa na herufi yenye miguu miwili na kitanzi pembeni, kama mtu aliyebeba ndoo. Niliitazama, ikanitazama.

"Ukizisoma kwa kuzunguka meza, zinatoa sentensi," akasema yule binti, na kunikaribisha kwa mkono.

Nikazunguka. Polepole, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Nikaguna kwenye kiti cha tatu. Kwenye cha sita nikatikisa kichwa kwa kustaajabu. Nilipomaliza mzunguko nikaona hakuna pa kukimbilia. Mlango ulikuwa nyuma ya wastaafu.

"Karibuni chakula," nikasema.

Likawa fupi mno kwa viti vyote vile. Mtu mmoja alikuwa bado anahesabu kwa kidole.

"Kuleni mshibe," nikaongeza. Viti vimebaki. "Na Mungu awabariki waliopika."

Dada akatafsiri bila kutikisika, kama msoma taarifa ya habari anayesoma habari asiyoiamini. Wakanung'unika kwa kuridhika. Yule binti peke yake akavuta pumzi, kama daktari aliyeshika majibu ya vipimo.

"Inavutia sana," akasema. "Sisi tumezoea kuisoma hivi: Mungu ajalie pasiwe na msaliti kwenye meza hii."

Kimya. Nje mawimbi yalikuwa yanapiga jabali, unayasikia moja moja.

"Mjomba," akauliza mpwa wangu, "msaliti ni nani?"

"Ni mtu anayetoa siri za wenzake kwenye makasri ya watu."

Hapo mtu mwenye akili angecheka, akaomba radhi, akasonga mbele. Mimi nikamgeukia dada. "Mwambie viti vimehamishwa."

"Nini?"

"Kila kiti herufi moja. Watu wanapiga deki humu, wanavivuta viti, wanavirudisha ovyo. Kwa jinsi vilivyokaa leo, vinasema karibuni chakula."

"Niseme hivyo kweli?"

"Sema hivyo hivyo."

Akasema. Na wallahi, yule binti akavitazama viti! Akainama, akapima kwa macho. Bwana mmoja mwenye madevu akapiga picha. Kwa muda kama wa dakika moja nilikuwa mtafiti.

Katika kundi kulikuwa na bibi mmoja mfupi, mvi tupu, kapu mkononi. Akapenya mpaka mbele yangu, akanishika mkono kwa mikono miwili, akafungua kinywa. Kikatoka Kiamhari. Kingi, laini, kinatiririka kama mtu anayemwaga mtama kwenye ungo. Baadaye dada alinieleza: baba yake alikuwa mtu wa reli ya Djibouti na Addis Ababa, ile ya Wafaransa, na yeye amekulia Dire Dawa. Kuongea alijifunza uani kwa watoto wenzake. Kusoma hakuwahi.

Akasita, ananingojea.

"*Ishi*," nikasema.

Uso ukamng'aa, akanitundikia kapu lake mkononi. Ndani mlikuwa na jibini la kondoo, gurudumu zima, zito kama jiwe la kusagia. Akasema tena jambo, refu zaidi.

"*Ishi*."

Nikapewa koti la mumewe na mwavuli. Mumewe, mzee mrefu mkimya, alinikabidhi kwa heshima zote. Bibi akasema la tatu, hili kwa sauti ya chini, macho yamemlengalenga.

"*Ishi*," nikasema, na kwa sababu aliniangalia kwa huruma hivi, nikaongeza, "*Ameseginalehu*."

Akanipigapiga shavu. Safari hii sikupewa mzigo, nikajua nimevuka salama.

Sehemu iliyobaki ya ziara niliifanya nikiwa mchukuzi. Nilipanda na jibini na kushuka na jibini. Mwishoni wakatuingiza kwenye chumba cha kutazamia nyota. D'Abbadie aliwaachia kasri hili wanasayansi wa Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kwa sharti waorodheshe nyota nusu milioni, na darubini bado imo. Lakini binti alitupeleka kwanza kwenye tundu. Yule bwana alikuwa ametoboa kuta za nyumba yake mpya, moja baada ya nyingine, zipangane, ili aweze kuona kwa darubini kilele cha mlima Larrun na kupima jinsi mwanga unavyopinda hewani. Alitoboa, akaweka vyombo vyake, akachungulia. Hakupata kitu. Juu ya tundu akachonga maneno ya Kibaski: *Ez ikusi, ez ikasi*.

"Mnajua maana yake?" binti akauliza, na mara hii alikwepa kunitazama.

"Sikuona, sikujifunza," akajibu mpwa wangu, kwa Kihispania kisha kwa Kiswahili, asije mjomba akapitwa.

Nikasimama mbele ya tundu lile na kapu langu. Mtu kaharibu kuta zake mwenyewe, jaribio limekufa, na kachonga juu yake kwa nyundo ili wageni wa miaka mia wasome. Mimi ningechonga: Mlima umehamishwa.

Kwenye lango nikarudisha kapu, koti na mwavuli. Bibi alikaa pembeni na dada kwa muda, wakaandikiana kitu kwenye simu, wakakumbatiana. Nikafurahi kuona dada amepata rafiki.

Topo ilipoingia shimoni tena, dada akasema, macho bado kwenye simu, "Jumapili usipange kitu. Tunakwenda Biarritz."

"Kufanya nini?"

"Kwa yule bibi. Anapika doro wat. Amewaita watoto wake na wajukuu wote waje."

"Mashallah. Sherehe ya nini?"

"Ana sanduku la barua za marehemu mama yake wa kunyonya, wa Dire Dawa. Zote za Kiamhari. Miaka hamsini anatafuta mtu wa kumsomea." Ndipo akaniangalia. "Anasema amekuuliza mwenyewe, na umemjibu *ishi*."

Nikajitazama dirishani. Hakukuwa na kingine cha kutazama.

Mpwa wangu alikuwa ameshaichukua simu ya mama yake na kutafuta. Akasoma, midomo ikimcheza, kisha akanigusa goti.

"Herufi 231, Mjomba," akasema. "Na leo ni Alhamisi."