Zirkoni: Tarehe Tunayo, Tukio Je?

Mwamba uliozikwa kilomita nyingi chini ya ardhi, ukachomwa na kukandamizwa, hupoteza karibu kumbukumbu zake zote. Tope hugeuka madini ya mika, mika huzaa madini ya ganeti, matabaka ya awali hufutika. Madini ya zirkoni hubaki. Chembe yake mara nyingi ni sehemu ndogo tu ya milimita, lakini ndiyo inayoitwa shahidi karibu kila umri wa miamba geu (miamba iliyobadilishwa na joto na mgandamizo) unapotafutwa. Mabishano kuhusu umri huo nayo huishia kwenye chembe hiyohiyo.

Zirkoni hutumika kama saa ya kupimia umri, na msingi wa saa yenyewe haugombaniwi. Zirkoni ni silikati ya zirkoniamu. Fuwele yake inapokua huipokea urani kidogo, kwa kuwa atomi ya urani huweza kukalia nafasi ya zirkoniamu, ila risasi (metali, si ile ya bunduki) hurudishwa mlangoni. Hivyo risasi inayokutwa humo baadaye, karibu yote, imezaliwa humo kutokana na urani kuoza. Tena saa ni mbili ndani ya chembe moja: urani-238 hupungua kwa nusu kila miaka bilioni 4.47, na urani-235 kila miaka milioni 704. Zikikubaliana, mpimaji anaweza kutulia. Zikipishana, huenda kuna risasi iliyotoroka, au nukta iliyopimwa imechanganya vipindi viwili.

Wanaoiamini zirkoni wana hoja nzito. Risasi haitoki kirahisi kwenye fuwele nzima isiyo na ufa mpaka joto lipite nyuzi 900 za Selsiasi, na miamba geu mingi haifiki huko. Chembe za Jack Hills, magharibi mwa Australia, zilizaliwa ndani ya magma, mwamba wao wa kwanza ukamomonyoka, zikasombwa na kufukiwa kwenye kokoto, kisha kokoto hizo nazo zikageuzwa na joto na mgandamizo. Pamoja na misukosuko hiyo, mwaka 2001 ilitangazwa kwamba sehemu ya chembe mojawapo ina umri wa miaka bilioni 4.4. Mwamba unaozibeba ni mdogo kwa zaidi ya miaka bilioni moja.

Isitoshe, chembe ikikatwa, ikasuguliwa na kumulikwa kwa elektroni, hutoa mwanga hafifu unaoonyesha pete zake: kiini cha zamani katikati, ukingo mpya umekizunguka. Mashine ya SHRIMP, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, hupima nukta ya mikromita 20 hadi 30 tu, kwa hiyo kiini na ukingo kila kimoja hupata tarehe yake.

Mpaka hapo sina ubishi. Shida huanza mtafiti anapoandika kwamba ukingo una umri wa miaka milioni 550, tuseme, halafu sentensi inayofuata ikadai kuwa joto lilifika kilele miaka milioni 550 iliyopita. Ya kwanza ni kipimo. Ya pili ni tafsiri iliyopenyezwa kimyakimya.

Zirkoni haikui eti kwa sababu kuna joto. Hukua pale zirkoniamu inapokosa pengine pa kukaa. Katika mwamba ambao haujaanza kuyeyuka, zirkoniamu hiyo hutoka kwenye madini mengine yanayovunjika, kama ganeti, ilmenaiti, rutili au amfiboli. Yakivunjika joto likipanda, ukingo utarekodi kupanda. Yakivunjika likishuka, utarekodi kushuka. Mwamba ukianza kuyeyuka, hesabu hubadilika kabisa. Ujiuji wake huimeza zirkoni kama maji ya moto yanavyomeza chumvi, na kadiri unavyozidi kuwa mwingi na moto ndivyo unavyomeza zaidi. Chembe ndogo hutoweka kwanza, kubwa huliwa kingo. Joto linapopungua, ujiuji ukaganda, zirkoniamu hujibandika tena kwenye chembe zilizosalia. Kwa hiyo, katika mwamba wa namna hii, kilele cha joto ndicho wakati mbaya kuliko wote kwa zirkoni kukua. Tarehe inayopatikana huwa ya kupoa, na kupoa huko kwaweza kuchukua mamilioni ya miaka.

Watetezi hujibu, na jibu lao si la kupuuzwa: chembe iliyofunikwa ndani ya ganeti haiguswi na ujiuji, na ujiuji wenyewe haugandi kila mahali kwa wakati mmoja. Ni kweli. Lakini jibu hilo linatutaka tuichunguze chembe moja moja, jambo ambalo wastani wa tarehe 30 kwenye jedwali hauonyeshi.

Kemia husaidia. Kiasi cha titani ndani ya zirkoni hudokeza joto la ukuaji. Ganeti nayo ina uroho wa elementi adimu nzito, hivyo zirkoni iliyokua kando yake huzikuta zimeshachukuliwa. Ile kanuni kwamba uwiano wa thoriamu kwa urani ukiwa chini ya 0.1 basi zirkoni ni ya mwamba geu, binafsi naiona ya kivivu: katika miamba iliyopata joto kali sana uwiano huo mara nyingi huzidi hapo. Ushahidi mzuri kuliko wote uko Kokchetav, Kazakhstan, ambako zirkoni imefungia chembechembe za almasi, madini yanayozaliwa kwenye kina kirefu. Sehemu ya zirkoni iliyokua ikazizunguka ilikua kwenye kina cha zaidi ya kilomita 100, na hapo tarehe inastahili jina inalopewa.

Hata saa yenyewe ina udhaifu. Mionzi ya urani huvuruga fuwele polepole, na fuwele iliyovurugika huvujisha risasi hata kwenye joto dogo maji yakiifikia. Katika miamba ya Napier, Antaktika, iliyopita joto la zaidi ya nyuzi 1000, risasi ilihama ndani ya chembe na kujikusanya kuwa vitufe vya ukubwa wa nanomita, na baadhi ya nukta zikatoa umri mkubwa kuliko umri halisi. Wenye shaka walipata nguvu. Hata hivyo, mwaka 2014 chembe ya Jack Hills ilipochunguzwa atomi kwa atomi, risasi ilikutwa imesogea umbali wa kupimwa kwa nanomita tu, na umri wa miaka bilioni 4.374 ukasimama.

Kwa hiyo nikisoma ripoti yenye tarehe ya zirkoni pekee, huziamini namba na kusita kwenye kichwa cha habari. Monazaiti (madini mengine yanayopimwa umri) au ganeti ya mwamba uleule ikipimwa pia, ndipo huendelea kusoma.