Fisi wa ngano na fisi wa Ngorongoro

Mtoto wa Arusha humcheka fisi kabla hajamwona. Keshasimuliwa jinsi njia mbili zilivyomshinda: harufu ya nyama ikatoka huku na kule, akataka zote, akatanua miguu mpaka akapasuka msamba. Keshasikia pia kwamba wakati wa njaa Sungura alipatana naye kila mmoja amuue mama yake, Fisi akaua, Sungura akamficha wa kwake. Hii ya pili hunisumbua mpaka leo.

Wapo wanaosema ngano zimemdhulumu mnyama huyu. Hoja yao ina uzito hapa kwetu, maana Ngorongoro ni mwendo wa saa chache tu. Huko, miaka ya 1960, mtafiti Hans Kruuk aliwafuatilia fisi usiku, akaona kwamba chakula chao kingi ni nyumbu na pundamilia waliowaua wenyewe, na mara nyingi simba huwapora. Asubuhi mgeni humkuta simba juu ya mzoga, fisi wamekaa pembeni, akadhani wanangoja makombo. Kumbe mawindo yalikuwa yao! Tena huwinda kwa kundi, na majike ndio wakubwa. Yuko wapi hapo yule mpumbavu wa hadithi?

Wengine hujibu kwamba Fisi wa ngano ni binadamu, yule jirani asiyetosheka ambaye huwezi kumtaja jina mbele ya watu. Hapo nakubaliana nao. Anayemtegea fisi sumu ana uchungu wa mbuzi wake walioliwa zizini. Hakutumwa na hadithi ya bibi. Fisi na abaki mlafi, mradi mtoto apelekwe pia akamwone wa kweli.

Shida yangu ni Sungura. Watetezi wake husema ni mnyonge anayewashinda wababe kwa akili, na mbele ya Simba au Tembo ni kweli kabisa. Lakini katika kisa cha mama, mbabe ni nani? Wote wawili wana njaa, wamepeana ahadi, na anayeivunja ndiye tunayemshangilia. Utetezi wa mnyonge haufiki hapo.

Hata hivyo sipendi vitabu vinavyomalizia kisa hicho kwa kupatanisha wawili hao. Kisimuliwe kama kilivyo, na mtoto akiuliza mama yake Fisi alikosa nini, msimulizi asimkatize ili awahi kicheko.