Gari la zamani Unguja: pesa ya kwanza iende chini ya gari

Nunua Land Rover Series III au Morris Minor leo hapa Unguja, kisha sikiliza ushauri wa jamaa. Wa kwanza atakwambia rangi mpya, wa pili viti, wa tatu injini ya dizeli ya Kijapani. Mimi naona mpango huo uko kichwa chini miguu juu. Injini ikifa hutengenezeka. Kinachomaliza magari visiwani ni chumvi, nayo huanzia chini, pasipoonekana na mtu. Pesa ya kwanza iende kwenye chesisi, ya pili kwenye breki, ya tatu kwenye umeme. Rangi isubiri.

Land Rover huwadanganya watu kwa sababu bodi yake ni aluminiamu, wakadhani halishiki kutu. Bodi ni kweli. Lakini chesisi ni chuma, fremu za milango ni chuma, na ule ukuta ulio kati ya injini na miguu ya dereva nao ni chuma. Halafu pale aluminiamu inapogusana na chuma, chumvi ikipata unyevu kidogo tu, aluminiamu huanza kuliwa na kugeuka unga mweupe. Ndiyo maana milango huoza upande wa chini. Kila ukifungua kipande, usikirudishe kikavu: paka praima pande zote mbili, weka grisi, na tumia washa za nailoni. Boliti za chuma kisichoshika kutu zinapendwa sana kwa kung'aa kwake, lakini ukizikaza moja kwa moja kwenye aluminiamu unaongeza tatizo.

Kukagua chesisi kunataka nyundo ndogo, bisibisi kuukuu na mkeka wa kulalia. Anza na boriti ya nyuma kabisa, ile ya kufungia trela, kwani humo matope hujaa na kuziba vitundu vya kutolea maji. Nenda kwenye vishikio vya springi, kisha mikono inayobeba ule ukuta wa mbele. Gonga kidogo kidogo. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Sauti ikibadilika, sukuma bisibisi. Ikizama, hapo ni pa kukata. Ukikuta pati au lami nene, kwangua mpaka uone chuma, maana mara nyingi imewekwa kuficha. Muuzaji akikataa gari lisigongwe, aga uende zako.

Kiraka cha chesisi kiwe cha bati la milimita 2, kama chesisi yenyewe ilivyotengenezwa. Sakafu ya miguuni inatosha milimita 1.2. Kata kilichooza chote mpaka ufike kwenye chuma king'aavu. Kiraka kinachobandikwa juu ya kutu hufungia unyevu katikati, na tundu jipya hutokea pembeni yake muda si mrefu. Stiki ya kuchomelea ya milimita 2.5 kwa ampea 60 hadi 80 inafaa chesisi. Kwenye sakafu itatoboa, kwa hiyo tafuta fundi mwenye mashine ya waya na gesi, na achomelee vipande vifupi vifupi akiruka huku na huku ili bati lisipinde. Kabla ya cheche ya kwanza toa betri, chomoa nyaya za alteneta, shusha tangi la petroli.

Halafu inakuja hatua ambayo gereji nyingi huiruka: kuosha chumvi. Brashi ya waya huondoa kutu lakini chumvi hubaki ndani ya vishimo vya chuma. Ukipaka rangi juu yake, chumvi huvuta unyevu kupitia kwenye rangi yenyewe na malengelenge yanatokea. Osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, sugua, osha tena. Ingiza mpira ndani ya chesisi na uache maji yapite mpaka yatoke masafi. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi, hivyo onja kwanza. Kisha acha gari likauke juani siku 2 au 3.

Kazi hii nzuri ni ya Januari na Februari, kaskazi inapovuma na mvua ni chache. Ukianza Machi masika yatakukuta chuma kiko uchi, nacho hapa hugeuka rangi ya chungwa usiku mmoja. Paka dawa ya kugeuza kutu yenye tindikali ya fosforasi, na ukishaiondoa mabaki yake kama kopo linavyoelekeza, weka praima ya epoksi mikono miwili siku hiyohiyo. Fanya kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Alfajiri chuma kina umande usiouona, na rangi haishiki.

Ndani ya chesisi hakupakwi rangi, hunyunyiziwa nta maalumu. Ikikosekana, grisi safi iliyolainishwa kwa oili mpya inasaidia, mradi isifike kwenye bushi za mpira. Wengi hupuliza oili chafu. Mimi siikubali. Ina tindikali na masizi, huvimbisha mipira na hozi, na inayodondoka hupita kwenye jiwe letu la matumbawe ikashuka kwenye maji tunayokunywa. Wenye majahazi hukipandisha chombo, wakakikwangua na kukipaka sifa, yale mafuta ya papa, kabla hakijaanza kuvuja. Chesisi nayo inataka utaratibu huohuo kila mwaka, hasa gari linalolala Paje, Jambiani au Makunduchi, ambako kusi hurusha chumvi mpaka uani.

Kuendesha ufukweni maji yakiwa yametoka ni jambo la kuacha kabisa. Tatizo si mchanga tu. Difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, ikiwa moto na ikaingia ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani hujikunja na kufyonza maji kupitia kwenye sili au kitundu cha hewa. Kama gari limeshaingia majini, fungua boliti ya difu siku hiyohiyo. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, mwaga yote na ujaze oili mpya ya gia, EP90.

Breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ni unyevu mtupu. Maji hayo hushusha kiwango cha kuchemka na kuozesha masta silinda kwa ndani. Badilisha yote kila baada ya mwaka mmoja na nusu. Chupa ya lita 1 ya DOT 4 inatosha; toa hewa ukianzia tairi lililo mbali zaidi na masta silinda. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na nyingine. Kwa Morris Minor ongeza jambo moja: pini za usukani za tairi za mbele zitiwe grisi kila kilomita 1,600. Zikikauka huliwa nyuzi, na tairi hulala chini ya gari likiwa barabarani.

Kwenye rejeta, maji ya kisima ya chokaa hujenga magamba ndani ya mirija. Kinga maji ya mvua wakati wa masika, uyachuje, uchanganye nusu kwa nusu na kulanti. Na thamostati isitolewe; injini inayokwenda baridi huchafua oili na kula petroli.

Katika mabadiliko yote, lenye faida kubwa kwa pesa ndogo ni rilei za taa, yaani swichi ndogo zinazoendeshwa na umeme. Balbu 2 za wati 60 kwa volti 12 hula ampea 10, na umeme wote huo hupita kwenye swichi kuukuu na waya mwembamba, ndiyo maana taa ni za njano. Weka rilei 2, moja ya mwanga wa mbali (full) na moja ya wa karibu (dim). Mguu wa rilei ulioandikwa 30 upokee umeme wa betri kupitia fyuzi ya ampea 15, 87 uende kwenye taa, 86 upokee waya wa zamani wa swichi, 85 uende ethi, yaani kwenye bodi. Waya uwe wa milimita 2.5 za mraba, na bora ule wa boti uliopakwa bati, kwani shaba tupu hugeuka nyeusi ndani ya gamba lake.

Injini ya petroli ya lita 2.25 ya Series III haina makuu. Oili 20W-50, kama lita 6 na filta juu yake, kila kilomita 5,000. Nafasi ya platini iwe milimita 0.35 hadi 0.40, ya vali zote 0.25. Petroli ya risasi haipo tena, hivyo viti vya vali za ekzosi huweza kuliwa polepole. Usifungue silinda hedi kwa hofu tu. Pima: nafasi ya vali ya ekzosi ikiwa inazidi kubana kila mara, hapo ndipo fundi wa mashine aweke viti vigumu. Injini nzito ya dizeli naikataa, labda breki na ekseli ziwe zimeimarishwa kwanza. Ekseli za nyuma za Series hukatika hata kwa injini yake yenyewe.

Mfumo wa elektroniki wa kuwashia cheche badala ya platini ni mzuri, ila hakikisha upande wa betri uliofungwa kwenye bodi ni hasi. Series III zote ni hasi, lakini Land Rover za kabla ya 1967 nyingi ni chanya, na ukikosea kifaa huungua papo hapo. Usiache swichi imewashwa injini ikiwa imezimwa. Platini na kondensa za zamani zifunge kwenye nailoni uziweke chini ya kiti pamoja na bisibisi, kwa sababu kile kifaa kikifa Makunduchi au Konde kule Pemba hakuna wa kukitengeneza, ila platini utazifunga mwenyewe kando ya barabara.